Silikoni ya mafundi wa aluminiamu: bahari inayokimbia chini ya ndege ya mfano

Ndege ya mfano inaweza kuunganishwa bila kasoro na bado ikaonekana imeegeshwa. Mabawa yamenyooka, rangi imekaa vizuri, lakini jicho haliamini kwamba kitu hiki kinakwenda. Kwa ndege inayopaa kutoka majini, anayelishawishi jicho ni maji kuliko ndege yenyewe. Kwa hiyo tathmini hii haihusu seti ya ndege. Inahusu silikoni ile ile ambayo mafundi wa aluminiamu huzibia vioo vya madirisha, mrija wa mililita 280 au 300, unaopatikana katika maduka ya vifaa vya ujenzi kuanzia Kariakoo hadi Tegeta.

Hukumu tuitoe mapema: kwa anayefanya kazi hii Dar es Salaam, hakuna bidhaa nyingine ya bei hiyo inayotoa maji yenye mwendo kama hii. Ina kasoro, na moja kati yake ni nzito, lakini zote zina dawa.

Sababu ya kwanza ni hewa yetu. Silikoni haikauki kama rangi inavyokauka. Hukomaa kwa kunyonya unyevu wa hewani, na unyevu Dar haujawahi kuwa haba. Msimu wa masika, wakati vanishi ya kupuliza inafanya ukungu mweupe na gundi ya haraka inaacha vumbi jeupe kwenye vioo vya rubani, silikoni ndiyo kwanza inafurahi. Huunda ngozi ndani ya dakika 10 hivi na kukomaa milimita 2 hadi 3 kwa siku.

Resini ya epoksi, inayosifiwa sana kwenye video za watu wa nchi za baridi, hapa inakutana na mambo matatu. Muda wa kuifanyia kazi hupungua karibu nusu kwa kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka, kwa hiyo mchanganyiko ulioandikiwa dakika 40 katika chumba cha nyuzi 22 unaanza kuvuta mkononi mwako kabla hujamaliza kumwaga. Unyevu nao huiachia utando unaonata juu. La tatu ndilo kubwa: resini hujisawazisha. Ukiimwaga inalala kama meza, na kama boya la ndege, lile linaloielezesha majini mahali pa magurudumu, limegusa, inapanda ubavuni mwake na kuacha ukingo wa kung'aa unaofichua kila kitu. Resini tuiachie maji yaliyotulia, ndege imefungwa gatini. Silikoni inakaa pale ulipoiweka, na wimbi ulilolivuta linabaki wimbi.

Dukani ukisema "silikoni" tu unaweza kupewa chochote. Omba ya kliya, yaani isiyo na rangi, halafu geuza mrija usome mambo matatu. Tarehe ya mwisho, ambayo mara nyingi hupigwa muhuri kitakoni: iliyopitwa hubaki laini na kunata hata baada ya wiki mbili, na haina tiba. Pili, hakikisha ni silikoni kweli, si kizibio cha akriliki kinachokaa rafu moja nayo. Akriliki hutoka nyeupe na husinyaa ikikauka, hivyo mawimbi yako yanapungua urefu usiku. Tatu, aina ya ukomaaji. Iliyoandikwa acetic au acetoxy hunuka siki. Ndiyo ya kawaida, ni angavu zaidi na huwahi kukomaa. Iliyoandikwa neutral hainuki sana ila ni ya polepole. Chukua ya siki, isipokuwa kama ndani ya ubao kutakuwa na waya au mota, sababu tutaieleza mbele. Bunduki ya kusukumia iwe ile yenye kitufe cha kuachia mgandamizo nyuma. Isiyo nacho itaendelea kutema silikoni wakati umeshaacha kuminya.

Kwa hesabu tuchukue ndege maarufu ya kazi hii, de Havilland Canada DHC-2 Beaver yenye maboya, kwa kipimo cha 1/72, yaani ndogo mara 72 kuliko halisi. Ndege halisi ilipaa mara ya kwanza 1947, ina injini moja ya duara yenye silinda 9 na mabawa ya mita 14.63. Kwa 1/72 mabawa yanakuwa sentimita 20 na mwili kama 13. Somo lenyewe si geni mjini hapa: kuanzia 1937 ndege kubwa za maji za Imperial Airways, Short Empire, zilikuwa zikitua katika bandari ya Dar es Salaam zikiwa njiani kati ya Uingereza na Durban. Ubao wa sentimita 40 kwa 25 unatosha. Eneo lake ni sentimita za mraba 1,000. Tabaka la milimita 1.5 linakula mililita 150, na nusu ya mrija inayobaki ndiyo itakayotengeneza povu na marashi ya maji, yaani maji yanayoruka pembeni mwa maboya. Mrija mmoja, basi.

Kabla ya kufungua mrija, lazima ujue maji yanafanya nini, kwa sababu hapa ndipo kazi nyingi nzuri zinapoharibikia. Chini ya kila boya, karibu katikati, kuna kidato: sehemu ya mbele iko chini zaidi, kisha inakatika ghafla kwenda juu. Ndege inapoanza kukimbia, pua inanyanyuka na maji yanaruka kutoka mbele ya maboya. Kasi ikiongezeka, inapanda juu ya maji na kuteleza kwa sehemu ndogo tu iliyo mbele ya kidato. Hapo marashi hayatoki tena puani. Yanatokea karibu na kidato, yanaruka chini chini kwenda pembeni na nyuma, na nyuma ya kidato chini ya boya kuna uwazi wa hewa. Atakayeweka povu kwenye pua ya boya na wakati huohuo akailaza ndege kama iliyoshika kasi, amechanganya nyakati mbili katika picha moja. Mtazamaji hatajua kosa ni nini, ila ataona ndege imekwama.

Kisha piga hesabu ya muda. Kasi ya kilomita 80 kwa saa ni mita 22 kwa sekunde. Kwa 1/72 ni sentimita 31. Maana yake, maji yote yaliyo nyuma ya mkia kwenye ubao wako yaliguswa na ndege chini ya sekunde moja iliyopita. Hayajapata muda wa kutulia wala kutanuka. Ile V pana inayofifia kistaarabu kuelekea ukingoni ni ya ngalawa, si ya ndege. Chora njia mbili nyembamba nyeupe, moja kwa kila boya, zenye vurugu hadi zinakatwa na ukingo wa ubao. Kukatwa huko ni kwa makusudi: jicho linaendeleza njia lenyewe nje ya ubao. Kwa sababu hiyo hiyo tunaiweka ndege katika theluthi ya mbele, ikielekea kona, na kuacha nafasi kubwa nyuma. Wapo wanaoshauri kinyume, kwamba ndege iachiwe nafasi mbele yake ya kukimbilia. Kwa ndege ya angani wana hoja. Kwa ya majini, habari yote iko nyuma.

Urefu wa mawimbi nao una kikomo. Wimbi la sentimita 30 ni milimita 4 kwa kipimo hiki, na ndege ndogo ya maboya haitafuti bahari kubwa kuliko hapo. Ukifika milimita 10 umeitupa Beaver kwenye dhoruba. Ndege hupaa kuelekea upepo, kwa hiyo migongo ya mawimbi ilale ikikatiza njia yake, na upande mkali wa kila wimbi uelekee ulipo mkia, kwa kuwa mawimbi yanakwenda upepo unakokwenda. Jambo hili ni dogo kusema, lakini ndilo linalofanya ndege na bahari vionekane vinapishana.

Ubao wenyewe hauna siri. Plaiwudi ya milimita 12, juu yake stairofomu nyeupe ya boksi la friji iliyokatwa sentimita 2, zote zimeshikwa na gundi nyeupe ya mbao. Usipulize rangi ya kopo moja kwa moja juu ya stairofomu. Itaila na kuacha mashimo. Lowanisha karatasi ya choo kwa gundi nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, itandaze na usukume mikunjo kwa brashi hadi ipate mgongo wa mawimbi, kisha iache siku nzima. Mikunjo hii ndiyo mifupa. Silikoni itakuwa ngozi. Rangi yote ya bahari inawekwa sasa, kwa rangi ya maji (ile inayochanganywa na maji), kwa kuwa baadaye hakuna nafasi: bluu nzito kwenye mabonde, kijani kidogo migongoni. Anayetaka maji ya upande wa visiwa vya Mbudya na Bongoyo aongeze kijani cha feruzi na nyeupe palipo na mchanga. Maji ya bandarini ni kijani chenye udongo. Ziwa la Canada, nyumbani kwa Beaver, mara nyingi huonekana jeusi lenye ukahawia. Chora pia chini ya njia za maboya michirizi hafifu ya nyeupe. Ikifunikwa itaonekana kama viputo vilivyozama.

Sasa silikoni. Fungua madirisha yote, na pangaboi la darini lizimwe, maana linaleta vumbi na kuharakisha ngozi. Kata mdomo wa mrija kidogo tu, tundu la milimita 4. Weka bakuli la maji yenye matone matano ya sabuni ya kuoshea vyombo. Minya michirizi kwenye eneo la sentimita 10 kwa 10 tu, tandaza kwa kadi ya zamani ya benki hadi milimita moja au moja na nusu, halafu chovya brashi ngumu kwenye maji ya sabuni na uigongegonge silikoni, ukivuta kidogo kuelekea upande mmoja kila mara. Sabuni inazuia brashi kushikwa. Ukimaliza kipande, nenda cha jirani kabla ukingo haujafanya ngozi, la sivyo utapata mshono kama wa vigae. Mshono ukitokea, usiusugue; uache ukomae kesho, kisha uufunike na mgongo wa wimbi. Kosa la kawaida zaidi hapa ni kurudi nyuma kurekebisha sehemu iliyokwisha kufanya ngozi. Inachanika na kujikunja kama maziwa yaliyochemka, na kuiondoa inabidi ukate kwa wembe.

Marashi yanatengenezwa mbali na ubao, na hii ndiyo sehemu inayoifanya silikoni istahili sifa. Chukua faili la plastiki laini la steshenari, lile la kuwekea karatasi. Silikoni ikikomaa juu yake hubanduka bila kupigana. Minya mistari myembamba, kisha kwa kijiti cha mishikaki ivute kutoka mzizi kwenda nje, ikonde iwe kama unyoya, yenye ncha zisizolingana. Unyoya mrefu wa milimita 25 na mwingine wa 10. Yote yakiwa ya urefu mmoja yatafanana na kitana. Tengeneza thelathini hata kama utatumia kumi na tano, maana utachagua. Baada ya saa 24 bandua, kata mizizi, na ipandikize pembeni mwa maboya kuanzia kwenye kidato, ikilala kuelekea nyuma karibu na usawa wa maji, kwa tone la silikoni mbichi. Kisha chambua pamba ya duka la dawa hadi ubaki na nyuzi chache unazoweza kusoma gazeti kupitia kwake, na zilaze juu ya manyoya kwa ncha ya koleo. Pamba nene ni moshi, si maji. Kama unaiona waziwazi kwamba ni pamba, punguza nusu, kisha nusu tena.

Kasoro nzito tuliyoitaja ni hii: hakuna rangi inayoshika juu ya silikoni iliyokomaa. Rangi ya maji hujikusanya matone, ya kopo hubanduka kwa ukucha. Kwa hiyo povu jeupe haliwezi kupakwa kwa njia ya kawaida. Dawa yake ni kwamba silikoni hushikwa na silikoni. Chukua kijiko cha chai cha silikoni, tia rangi nyeupe ya mafuta ya wachoraji, ile ya tyubu na si ya kupaka milango, kiasi cha punje mbili za mchele, na matone machache ya white spirit (kiyeyushi cha rangi ya mafuta) hadi iwe nzito kama mtindi. Igongegonge kwa sponji iliyokatwa au brashi utakayoitupa. Una dakika tano tu. Rangi ikizidi, mchanganyiko unachelewa kukomaa na unabaki kunata, na rangi ya maji usiijaribu kabisa kwa sababu hufanya madonge. White spirit inawaka. Jiko na sigara viwe mbali. Nyeupe iwe nene karibu na kidato na kwenye njia mbili za nyuma, na kwingineko iwe michirizi michache tu inayofuata upepo, sambamba na safari ya ndege.

Kuhusu ndege tuseme machache, kwa kuwa maji mazuri yanaweza kusalitiwa nayo. Pua juu nyuzi 4 hadi 6, si zaidi, maana tayari inateleza. Usukani wa maji nyuma ya maboya uwe umenyanyuliwa. Marubani huupandisha kabla ya kupaa, na seti nyingi huuonyesha chini. Flapu, vile vibao vya ukingo wa nyuma wa bawa karibu na mwili, ziwe zimeshuka, na kwenye Beaver eileroni, vibao vya kuinamisha ndege vilivyo karibu na ncha za bawa, nazo hushuka kidogo pamoja na flapu. Ukitaka hatua moja zaidi, nyanyua boya moja milimita 2 kutoka majini, bawa likiinama kidogo upande wa pili: ni mbinu halisi ya rubani ya kuachana na mvuto wa maji, na matone matatu ya silikoni yakining'inia chini ya boya lililonyanyuliwa yanasema ndege inaondoka sasa hivi. Boya la upande wa pili ndilo libebe uzito wote, kwa pini iliyozama sentimita 2 ndani ya ubao.

Pini hiyo ndiyo inayorudisha suala la siki. Mvuke wa silikoni ya acetic hula chuma, shaba na shaba nyeupe. Pini isiyolindwa itatoa kutu au ukijani ndani ya maji yako angavu, na waya wa mota utaoza. Paka pini gundi ya haraka au vanishi pande zote na iache ikauke kwanza. Kwa ubao wenye umeme, nunua neutral na uwe na subira.

Pangaboi la ndege lisiwe na mabapa yanayoonekana yamesimama. Kipenyo chake halisi ni mita 2.59, yaani milimita 36 kwa 1/72. Kata duara la kipenyo hicho kutoka kwenye kava la plastiki angavu la kufungia ripoti, lisugue kwa mzunguko na msasa wa maji namba 2000 hadi lipate ukungu mwembamba, kisha paka sehemu mbili zinazotazamana kwa kijivu kilichokaushwa sana kwenye brashi, kizito katikati na kufifia kingoni, na mstari mwembamba wa njano pembezoni kuashiria ncha. Mota ndogo za droni za kuchezea zinaingia kwenye pua ya Beaver, lakini huzunguka kwa kasi kupita kiasi, na mtetemo wake ukiendelea hulegeza manyoya ya marashi. Duara linatosha, na halina kelele.

Ubao ukikamilika utavuta vumbi. Ndiyo tabia ya silikoni, na barabara zetu hazisaidii. Boksi la kioo au akriliki juu yake si anasa. Hata hivyo, tofauti na mbinu nyingine za maji, hii inaoshwa: brashi laini, maji, tone la sabuni, kisha puliza ukaushe. Isioshwe kabla ya siku saba, na sehemu yenye pamba isiguswe.

Wanaotaka wimbi linalopinda juu la sentimita 3 au zaidi watafute njia nyingine au walijenge kwa stairofomu kwanza, kwa sababu silikoni nene kuliko milimita 5 hukomaa juu na kubaki mbichi ndani kwa siku nyingi, na wimbi linainama polepole bila wewe kuona. Na mrija uliobaki usitegemee sana. Sindilia msumari mrefu mdomoni, funga kwa nailoni na uzi, weka mahali pa baridi. Ukiwahi ndani ya wiki chache, utang'oa donge la mbele na kukuta silikoni nzuri nyuma yake. Ukichelewa, unyevu wa Dar utakuwa umeshaingia.